Saiwa kwa Mtu wa Kakamega: Namna ya Kutembelea Kinamasi

Kakamega hatulii ukame. Kuzunguka msitu wetu mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, mito ya Isiukhu na Yala haikauki, na ukiteremka karibu mlima wowote utakuta chemchemi au ardhi inayobonyea chini ya kiatu. Lakini ukiulizwa na mgeni wako, "Nipeleke nikaone kinamasi," utakwama. Mabonde yetu yana wenyewe. Hapa pana nduma, pale miwa, mbele kidogo tanuri la matofali, na pembeni mikaratusi iliyopandwa miaka ile ili ikaushe maji na kuleta pesa za nguzo. Huwezi kumpeleka mgeni kutazama ndege katika shamba la nduma la mtu. Utafukuzwa, na kwa haki.

Basi safari ya kinamasi kwa mkazi wa Kakamega ni safari ya kutoka nje ya kaunti. Machaguo yaliyo karibu ni matatu. Kuna Ziwa Kanyaboli huko Siaya, ukingoni mwa kinamasi kikubwa cha Yala, lililotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2010; huko ndiko alikosalia ngege wa asili aliyepotea Ziwa Victoria, na mafunjo yake yanafika upeo wa macho. Kuna King'wal huko Nandi, ambako wanyama wanaishi kati ya mashamba ya watu bila ua wala lango. Na kuna Saiwa, Trans Nzoia, kaskazini ya Kitale. Kwa mara ya kwanza nenda Saiwa. Kanyaboli kunataka mtumbwi na mtu anayeyajua maji, King'wal kunataka mwenyeji wa kukushika mkono, ilhali Saiwa unajiendea mwenyewe kwa miguu na kurudi ukiwa umeona kitu.

Hifadhi ya Taifa ya Saiwa ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja tu, nzohe, swala wa kinamasini. Ukubwa wake haufiki hata kilomita 3 za mraba, na hakuna hifadhi ya taifa ndogo kuliko hiyo Kenya nzima. Ni bonde jembamba lenye mto uliozibwa na matete na mafunjo, na kila upande umepigwa ukuta wa msitu wa asili. Nje ya ukuta huo ni mahindi. Magari hayaingii. Hakuna barabara ya gari ndani, na hilo peke yake linatosha kuipambanua na hifadhi nyingine unazozijua. Hutakutana na ndovu wala simba, kwa hiyo unatembea kwa uhuru kwenye njia za udongo na madaraja ya mbao yanayokatiza kinamasi, kisha unapanda majukwaa yaliyoegemezwa kwenye miti na kukaa.

Kukaa ndiyo kazi yenyewe. Watu wengi hulalamika kwamba walifika Saiwa wasione kitu, na ukiwauliza walifika saa ngapi watakujibu saa tano asubuhi, wakaondoka saa saba. Saa hizo nzohe amelala ndani ya matete, miguu majini, na hata ukisimama hatua thelathini kutoka alipo hutamwona. Mnyama huyu hutoka kula alfajiri na tena jua likielekea kuzama. Kwa hiyo panga safari yako yote, usafiri, malazi, chakula na hata nguo, kwa ajili ya saa mbili tu za asubuhi. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili. Uwe hapo saa kumi na mbili.

Hesabu hiyo inakuambia jambo la pili. Huwezi kulala kwako Kakamega ukafika Saiwa kwa wakati. Hadi Kitale ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Kitale bado kuna kama ishirini na ushee kwenye barabara ya Kapenguria, pamoja na kipande cha murramu kutoka njia panda ya Kipsaina. Ondoka siku moja kabla. Lala Kitale kama unataka kitanda cha kawaida na bei ya kawaida, kisha umwahidi mtu wa boda boda au teksi akuchukue saa kumi na moja alfajiri. Afadhali zaidi, kama una hema, ni kulala kwenye uwanja wa kambi wa hifadhi yenyewe. Piga simu ofisi za Shirika la Wanyamapori, KWS, kabla ya safari uulize hali ya uwanja na maji. Saiwa iko juu ya mita 1,800 na usiku wake una baridi ambayo mtu wa Kakamega haitarajii. Beba sweta na blanketi la pili.

Ukipanda matatu Kakamega, chagua ya moja kwa moja hadi Kitale, na uombe kiti cha dirishani. Utapita Kambi ya Mwanza, ilipo njia ya kuingia Buyangu, kisha Malava, kisha utavuka daraja la Nzoia ukikaribia Webuye. Yatazame yale maji. Mto Saiwa humwaga maji yake katika mfumo wa Nzoia, na Isiukhu yetu vilevile. Kinamasi unachokwenda kukiona ni mojawapo ya sehemu zinazoshika mvua ya huko juu na kuiachilia polepole. Pasipo vinamasi, maji hayo hushuka yote kwa mkupuo, na watu wa Budalang'i wanajua maana yake. Baada ya Webuye ni Lugulu, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, na unaingia Kitale. Hapo utabadilisha gari uchukue la Makutano au Kapenguria, umwambie utingo akushushe Kipsaina.

Siku chache kabla ya safari kuna zoezi dogo la kufanya hapa hapa nyumbani. Nenda Buyangu asubuhi moja, upande wa msitu unaosimamiwa na KWS, utembee kuelekea Mto Isiukhu na maporomoko yake. Au nenda Isecheno, uchukue mmoja wa waongozaji wenyeji, ambao waliunda chama chao cha elimu ya mazingira, KEEP, tangu 1995. Unachojifunza huko ni kusimama bila kuzungumza, kusikiliza tawi lililotikisika, na kunyanyua darubini bila kuondoa macho kwenye kile ulichokiona. Mtu anayeshika darubini kwa mara ya kwanza akiwa juu ya jukwaa la Saiwa hupoteza nusu saa akitafuta mnyama ambaye wenzake wote wanamwona.

Kuhusu darubini yenyewe, ya 8x42 inatosha, na ya kuazima ni nzuri kama ya kununua. Vaa rangi za majani makavu. Nyeupe na nyekundu ziache. Gambuti ni bora kuliko raba, hasa kuanzia Aprili hadi Oktoba ambapo mvua ya Trans Nzoia haina masihara. Ukiweza kuchagua, nenda kati ya Desemba na Februari, njia zikiwa kavu na matete yamepungua urefu. Ingiza suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Jipake dawa ya mbu jioni. Chai ya chupa na mandazi vitakufaa kuliko soda, kwani unakwenda kukaa kwenye ubaridi bila kusogea. Na kama una mtoto wa chini ya miaka sita, mwache kwa shosho safari hii. Si kwamba haruhusiwi, ila kumnyamazisha mtoto kwa saa mbili ni adhabu kwenu nyote wawili.

Malipo ya KWS siku hizi hupitia eCitizen, hayapokelewi kwa noti langoni. Lipa ukiwa Kitale, kwenye mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho chako cha taifa. Bila hicho huwezi kudai bei ya mwananchi. Ukifika, muulize askari wa hifadhi maswali mawili. La kwanza: nzohe wameonekana wapi juzi na jana? La pili: mbao zipi zimeoza? Mbao iliyo juu ya kinamasi haidumu, hata ikipakwa nini, na askari anayezipita kila siku anajua ipi itakubeba na ipi itakutumbukiza hadi kiunoni. Mkitembea wengi, achianeni nafasi darajani. Msijazane mahali pamoja.

Sasa uko juu ya jukwaa, jua halijachomoza vizuri, na ukungu umelala juu ya matete. Usitafute mnyama. Tafuta mahali ambapo matete yamelala au yamekatwakatwa, pale ambapo kijani kinapungua na maji yanaonekana. Hizo ni njia na malisho. Zitazame moja baada ya nyingine, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha urudie. Nzohe hatokei kwa kishindo. Mahali ulipotazama dakika mbili zilizopita pakiwa patupu, sasa pana kitu cha rangi ya udongo, kimeinamia majani, na mgongo umepinda, sehemu ya nyuma ikiwa juu kuliko mabega.

Dume ana rangi ya kahawia iliyofifia na manyoya marefu yaliyolowana, na pembe zilizojisokota. Jike hana pembe. Ana wekundu zaidi, na mistari na madoa meupe ubavuni. Wengi humchanganya na pongo, ambaye naye yupo Saiwa, na kosa hilo hufanywa hata na watu wanaojiita wajuzi. Njia ya kuwatofautisha ni kutazama anaposimama kabla ya kutazama anavyofanana. Pongo hupenda ukingo wa msitu, penye ukavu, na manyoya yake ni mafupi na yanang'aa. Nzohe yumo ndani ya maji, mara nyingi hadi magotini. Akinyanyua mguu, ikiwa una bahati na darubini yako imetulia, utaona kwato: ndefu, nyembamba, zimepanuka kama mkasi uliofunguliwa. Ndizo zinazomwezesha kutembea juu ya matete yanayoelea, mahali ambapo ng'ombe angezama. Nchi kavu kwato hizo hizo humfanya awe mzito na mwenye kusitasita. Akishtuka hakimbilii msituni; huzama taratibu hadi zibaki pua peke yake juu ya maji, akakaa hivyo mpaka uondoke. Kwa hiyo ukimwona ametoweka mbele ya macho yako, usiondoke. Yupo.

Jua likishapanda na nzohe wakirudi matetini, geuka utazame msitu nyuma yako. Hapo ndipo alipo kalasinga, tumbili mwenye ndevu nyeupe na paji la uso la rangi ya chungwa, ambaye Kenya anapatikana sehemu chache sana. Sisi tunaye kule Kisere, kipande cha msitu kilichojitenga kaskazini ya Msitu wa Kakamega, lakini Saiwa ni rahisi zaidi kumwona. Ana tabia moja ya ajabu: akihisi hatari hatoroki, hugandamana na tawi na kutulia tuli, akitegemea hutamtambua. Mara nyingi anafaulu. Mbega watakuonyesha njia kwa kelele zao. Kalasinga utamgundua kwa sababu kimojawapo cha vivuli kina ndevu.

Ndege sitawaorodhesha, kwani zaidi ya aina 300 wamerekodiwa na kila mmoja ana wapenzi wake. Ila korongo taji siwezi kumpita. Huyu ni ndege wa vinamasi vya watu, si vya hifadhi pekee. Hutaga ardhini, katikati ya majani yenye maji, mayai mawili au matatu, na mchana huenda kulisha mashambani. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Sababu kubwa ni mabonde kukaushwa na vifaranga kukamatwa wakauzwe. Ukiwaona wawili wakicheza mahindini nje ya lango, simama barabarani, usiingie shambani kuwakaribia. Kama kuna kiota karibu, jike akiondoka kwa dakika kumi kunguru anatosha kumaliza kazi.

Hapa ndipo inapokuja habari ya Kipsaina, na nisingependa uondoke bila kuijua. Serikali ilipotenga kile kipande kidogo mwaka 1974, haikutenga mlima unaoleta maji. Kila kinachotokea kwenye mashamba ya juu hushukia kinamasini: udongo wa mteremko uliolimwa wima, mbolea ya mahindi, na upungufu wa maji unaoletwa na mikaratusi iliyopandwa chemchemini. Hifadhi ya ukubwa ule inaweza kufa ikiwa na ua mzima na askari wote wakiwa kazini. Tangu miaka ya 1990 kundi la wakulima wa hapo, linalojulikana kwa kazi ya korongo taji na vinamasi, limekuwa likiotesha miche ya miti ya asili, kuirudisha kandokando ya maji, na kuwapa wenye mashamba kitu mbadala cha kuingiza pesa pasipo kukausha bonde: mabwawa ya samaki na mizinga ya nyuki. Kinamasi hurejea chenyewe kikiachwa. Ziba mtaro uliochimbwa kukausha, ondoa mikaratusi, panda majani ya kuzuia udongo kwenye mteremko, na misimu michache baadaye ndago na matete yanarudi bila kupandwa na mtu. Kigumu ni kumshawishi mwenye ekari moja na nusu aache robo yake kwa ajili ya majani.

Kwa hiyo ukimaliza matembezi, usirukie boda boda kurudi Kitale. Kaa Kipsaina. Kula chakula cha mchana kwenye mkahawa wa hapo, ugali na mboga za kienyeji. Uliza wenye asali. Ukitaka kuona kitalu cha miche au bwawa la samaki, omba upelekwe na ulipie muda wa anayekupeleka, mkielewana bei kabla. Salimia watu barabarani. "Mulembe" yako ya Kakamega itapokelewa vizuri na Wabukusu, na kwa wengine "Chamgei" itakufungulia mlango. Usipige watu picha wakiwa shambani bila ruhusa. Unayemwona ameinama ndiye ulinzi wa juu wa kile kinamasi, na mara nyingi hajawahi kulipwa chochote kwa hilo.

Kama una nguvu ya kurudi jioni, rudi hifadhini saa kumi. Mwanga wa wakati huo ni mzuri zaidi kwa picha, na nzohe hutoka tena. Lakini mvua za magharibi hupenda alasiri, kwa hiyo usiifanye jioni kuwa tegemeo. Kumbuka lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Ukiamua kuondoka mapema, pitia Jumba la Makumbusho la Kitale, lililoanza na mkusanyo wa Stoneham, mlowezi aliyependa wadudu na vitabu; lina njia fupi ya kutembea msituni ambayo inafaa kwa yule mtoto uliyemwacha nyumbani, safari ijayo.

Na kwa wale wenye vipande vya bonde hapa Kakamega, mkishaona Saiwa mtarudi na macho mengine. Kanuni za vinamasi na kingo za mito za mwaka 2009 zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto uachwe bila kulimwa, na mwaka huo huo waziri wa mazingira wa wakati ule, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Agizo lilipita, miti mingi imebaki. Ukitaka kuanza, kata michache iliyo karibu zaidi na chemchemi, uyazuie mashina yasichipuke, na usubiri msimu mmoja wa mvua uone maji yanafika wapi.

Jambo la mwisho ni daftari. Andika tarehe, saa, mahali, na ulichokiona, kisha upeleke orodha ya ndege kwenye mradi wa Kenya Bird Map, unaopokea taarifa za watu wa kawaida kama mimi na wewe. Kakamega na Trans Nzoia zina watazamaji wachache mno, na wengi wao ni wageni wanaopita. Peleka orodha yako hata kama ina ndege saba tu. Na kama hukumwona korongo taji mahali ulipozoea kumwona, andika hivyo pia, kwani hiyo nayo ni taarifa.